Waandaaji wa maonyesho Mbeya mmeniwekea kibao cha USIGUSE kwenye kazi zangu, mimi kipofu!!

Wakuu habari za jioni. Natype kwa simu inayonisomea kila herufi kwa sauti so mkikuta maneno yamegongana vumilieni, na leo nina hasira hadi kidole kinatetemeka.

Nipo Uyole. Sioni toka nina miaka saba, surua ilipita ikaondoka na macho yote mawili. Nafinyanga sanamu za udongo na nafuma vitambaa, ndo kazi inayonilisha. Kufinyanga nlifundishwa na bibi mzaa mama, Mkisi wa Ikombe kule ziwa Nyasa, wale ambao vyungu vyao mnavikuta Matema soko la Jumamosi vimeletwa na mitumbwi. Wakisi gurudumu hawana, ni mikono tu, na bibi jua likizama chungu hakijaisha alikuwa anamalizia gizani hivyo hivyo, na asubuhi watu wananunua. Hakuna aliyemuuliza bibi uliona vipi.

Sasa wiki iliyopita kulikuwa na maonyesho ya wajasiriamali hapa mjini, siwataji, wenyewe watajijua. Nimelipia meza elfu 60, bajaji toka Uyole na maboksi elfu 12, na nimelala saa nane usiku nafungia sanamu kwenye mablanketi zisigongane. Nafika asubuhi na binti wa dada yangu, tunapanga, natoka kwenda chooni. Narudi najikwaa kwenye kamba. Kamba ya nini? Binti ananiambia mama mdogo wamezungushia, na wameweka kibao USIGUSE, na vile vitambaa vyako wamevivalisha nailoni.

Nikadhani utani. Nikapitisha mkono chini ya kamba nihakikishe ile sanamu kubwa imekaa vizuri, mara kijana mmoja wa waandaaji ananishika kifundo cha mkono. "Shikamoo mama, samahani, hapa haturuhusu kugusa." Nikamwambia marahaba mwanangu, hii nimeitengeneza mimi. Akasema ni maelekezo ya ofisini, kugusa hakuna, hata wewe. Katika kuvutana pale sanamu ikagonga meza, nikasikia ule mlio. Mfinyanzi anaujua. Chungu kizima ukikigonga na ukucha kinaimba, chenye ufa kinakohoa. Yangu ilikohoa.

Ngoja niwaambie ile sanamu ilikuwa nini maana wengi waliipita tu. Ni mama amebeba mtoto mgongoni. Kwa macho nasikia unaona mama, kanga na kichwa cha mtoto basi. Ila chini ya kanga, pale kwenye mkunjo, kuna mguu mmoja wa mtoto umechomoza, vidole vitano vimekunjwa kama vya mtoto aliyelala. Huvioni hata uiname vipi. Lazima upitishe kidole kwa chini taratibu ndo unakutana navyo, na mtu akikutana navyo huwa ananyamaza kwanza. Ule mguu umenila siku nne. Sasa ukizungushia kamba umeonyesha nini hapo?

Na vitambaa vile vile. Mnaniulizaga rangi najuaje, nyuzi nazifunga fundo mwanzoni, fundo moja nyekundu, mawili nyeusi, matatu ile ya manjano, zikiingia kwenye kitanda cha kufumia vidole vinahesabu vyenyewe. Ila rangi naweka kwa ajili yenu, mimi nafuma mistari ya unene, uzi wa pamba laini halafu katani halafu pamba, ukipitisha kiganja unapanda na kushuka kama njia ya Mbeya kwenda Tukuyu. Wamevivalisha nailoni!! Mtu anagusa nailoni anasema kitambaa kizuri hongera mama.

Lililoniuma kuliko yote sio langu. Mchana akaja mwalimu na mtoto wa darasa la tano asiyeona, mtoto kaambiwa njiani kuna mama kipofu mwenzako anatengeneza sanamu, kafurahi, namsikia anauliza iko wapi iko wapi. Yule kijana akamzuia. Mtoto akasimama nje ya kamba, mwalimu akawa anamhadithia. Mimi nipo ndani ya kamba, mtoto yupo nje, sanamu katikati, wote wawili hatuoni na wote tumekatazwa mikono. Hivi huyo aliyetoa hayo maelekezo alikuwa anafikiria nini?

Nlishawahi kusikia YouTube kuna mchongaji asiyeona wa Italia, Felice Tagliaferri, alikatazwa kuigusa sanamu maarufu ya Kristo kule Napoli, akaenda kuchonga ya kwake ya marumaru ambayo kila mtu anaigusa. Lakini yeye alikatazwa ya mtu mwingine iliyochongwa 1753, naelewa. Mimi nimekatazwa ya kwangu ya mwezi jana!

Tena mkataba wa umoja wa mataifa wa haki za watu wenye ulemavu Tanzania tumeuridhia 2009, ibara ya 30 inahusu utamaduni na sanaa zitufikie kwa namna tunayoweza, na sheria yetu wenyewe ipo toka 2010. Mgeni rasmi akapita, akapiga picha na mimi, akasema "pamoja na changamoto zake", akaenda. Hajanunua hata kitambaa cha mezani.

Nimewaandikia nadai fidia ya sanamu na hela ya meza. Jana wamejibu. Barua wameiprint, wakagonga muhuri, wakaipiga picha, wakanitumia WhatsApp. Simu inaniambia "picha" basi, haisomi hata neno. Binti wa dada karudi shule bweni.

Kama kuna mwana Mbeya humu mwenye muda aje PM nimtumie anisomee. Ukikuta pameandikwa "pamoja na changamoto zake" paruke, nenda moja kwa moja kwenye hela.