EL84 au 6V6 kwa ampu ya gitaa ya kujiundia? Niko Tabora

SoloIpuli
Wakuu habari za jioni. Naunda ampu ndogo ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani) kwa ajili ya gitaa langu. Chasi na transfoma nimetoa kwenye redio ya marehemu babu. Nimebaki njia panda kwenye valvu ya mwisho, ile inayosukuma spika: EL84 moja, au 6V6 moja kwa mchoro wa ampu ndogo ya Fender Champ? Binamu yangu anapanda treni Alhamisi kwenda Dar, oda nampa yeye. Nisaidieni.

FundiCheyo
Mdogo wangu, mbona hujatupa cha kushika? Valvu ya mwisho kwenye hiyo redio ilikuwa ipi? Transfoma ya umeme inatoa volti ngapi? Spika ya omu ngapi? Na utapigia wapi, chumbani au ukumbini?

Kazeh77
6V6, usijiulize mara mbili. Champ ya mchoro wa 5F1 ina valvu tatu tu: 12AX7 ya mwanzo, 6V6 ya mwisho na 5Y3 ya rektifaya (ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC). Mlio wake umejaa, na ukipandisha volyumu unaanza kukwaruza taratibu, hauchani masikio. EL84 inapayuka.

DadaGongoni
Kupayuka kunatokana na mchoro na spika, kaka. Ampu ya Vox AC30 ina EL84 nne na watu wanailia hadi leo. Kwa mwenye redio ya Ulaya, EL84 iko karibu zaidi: soketi za pini tisa huenda anazo tayari, wakati 6V6 inataka soketi kubwa ya pini nane, kwa hiyo chasi itobolewe upya. Ila filamenti (waya wa kupasha valvu joto) ya EL84 inakula ampea 0.76, ya 6V6 inakula 0.45. Bila kujua transfoma inabeba nini, tunabahatisha tu.

MzeeIsevya
Kijana, kabla hujanunua valvu yoyote, ngoja nikueleze yaliyonipata.

Nami nilichukua redio ya EL84 nikaigeuza ampu ya gitaa. Waya wa kuingilia nikaunga, volyumu nikaweka, ikapiga. Dakika kama ishirini za mazoezi ya kwaya ilikuwa tamu mno. Kisha sauti ikaanza kunywea. Nilipochungulia nyuma, lile bati la ndani ya EL84 limekuwa jekundu kama mkaa wa jikoni. Nikadhani valvu ndivyo zinavyowaka! Nikaendelea na wimbo. Ikaja harufu ya nta inayoyeyuka, kisha kimya.

Kosa lilikuwa kapasita moja ya karatasi, ile inayopeleka sauti kutoka valvu ya kwanza kwenda kwenye gridi ya EL84, yaani mguu wa kuingizia sauti. Ilikuwa imezeeka, inavujisha umeme wa DC. Baadaye nilipima gridi nikakuta volti 11 za chanya, mahali ambapo mita ingesoma karibu na sifuri. Valvu ikavuta mkondo kupita kiasi, ikakata waya wa transfoma ya spika. Fundi mmoja akanisukia nyingine, mizunguko hakuhesabu sawasawa, sauti ikawa nyembamba kama ya simu. Sikuipata tena ile ya siku ya kwanza.

Kapasita zote za karatasi toa. Zote.

FundiCheyo
Shikamoo mzee. Hilo ndilo la kuandikwa ukutani. Mimi naongeza: siku ya kwanza washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyoungwa mfululizo. Ikiwaka kwa nguvu na isififie, zima, kuna shoti. Balbu ya LED haifai kazi hii. Na ukishazima usiingize mkono, kapasita kubwa zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300. Zimwage kwa rezista, kisha uhakikishe kwa mita.

SoloIpuli
Asanteni wote, nimewaelewa. Valvu ya mwisho ni EL84. Spika ni inchi 8, omu 4. Napiga solo kanisani, na harusi mara mojamoja.

Kazeh77
Harusini na wati 5 za valvu moja? Ngoma na besi zitakumeza. Solo la dansi linataka sauti safi, na valvu moja ikifika hapo imeshaanza kukwaruza. Tafuta 6V6 mbili za pushi-puli, moja inasukuma nyingine inavuta.

DadaGongoni
Maiki mbele ya spika, inaingia kwenye mixa, imeisha. Pushi-puli inataka transfoma nyingine kabisa.

Kazeh77
Maiki haitoi ule utamu. Sikiliza gitaa za bendi ya Tabora Jazz, zile nota zinavyodondoka moja moja.

MzeeIsevya
Huo ni utamu wa vidole, kijana. Bendi ya Kiko Kids tuliwasikiliza kwenye redio ya spika kama kiganja na bado watu walisimama wakacheza.

DadaGongoni
SoloIpuli, transfoma ya spika ya EL84 ni kama kilo-omu 5, na 6V6 inaipokea pia. Kwa hiyo anza na EL84 uliyonayo, chini ya kathodi (mguu wa valvu unaotoa mkondo) weka rezista ya omu 150. Kwenye kathodi ya valvu ya kwanza jaribu kapasita ya mikrofaradi 0.68 badala ya 25. Besi itapungua na kispika chako cha inchi 8 kitapumua.

SoloIpuli
Asante dada. Na boksi? Seremala ana mbao za mninga.

FundiCheyo
Mninga mzuri lakini mzito, na kama haujakauka joto la valvu litaupasua. Playwudi inchi nusu.

MzeeIsevya
Mninga wa miaka mitatu kivulini haupasuki. Muulize aliukata lini.

SoloIpuli
Nitamuuliza kesho. Nimepima transfoma sasa hivi: upande wa filamenti unasoma volti 6.9, si 6.3. Nifanyeje?

DadaGongoni
Umepima valvu zikiwa zimechomekwa, au tupu?