Naomba ushauri: pampu ya wafadhili imekufa, kijiji kinasubiri warudi

Habari za wakati huu ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika kijiji kimoja mkoani Singida. Miaka sita iliyopita wafadhili kutoka Ulaya walituchimbia kisima na kutufungia pampu ya mkono aina ya Afridev. Siku ya makabidhiano ngoma zilipigwa, picha zikapigwa, wakaondoka. Hakuna fundi aliyefundishwa wala kipuri kilichoachwa.

Sasa ni mwezi wa tatu haitoi maji. Kina mama wamerudi kufukua mchanga korongoni, wanagombania maji na ng'ombe. Inaniuma, maana Afridev ilibuniwa miaka ya 1980 makusudi ili wanakijiji waweze kuifungua na kubadilisha mipira wenyewe. Mpira wa zamani ninao hapa, umekakamaa na kupasuka kama soli ya ndala.

Nikiitisha mchango, wazee wananijibu, "Si waliochimba watarudi?" Siwalaumu, tumezoeshwa hivyo.

Naombeni wenye uzoefu mnisaidie. Mlichangishaje hadi watu wakakubali: kwa ndoo, au kwa kaya baada ya kuuza alizeti? Sheria ya maji ya 2019 iliyoanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, inataka chombo cha watumia maji kilichosajiliwa. Je, tukijisajili, fundi hutoka wilayani au matengenezo yanabaki juu yetu? Na fedha za mchango nani azishike ili watu waziamini? Vipuri vya Afridev mnanunua wapi?