Milioni 20, nataka gari yenye mbio ya kuendea kazini kila siku: Mark X, Forester ya turbo au Golf GTI?

Mkazi_wa_Bunju

Wakuu habari za jioni. Nina IST ya 2003, imenitunza na sina neno nayo, ila jamani nimeichoka. Nikiwa naelekea Dodoma nikikuta semi baada ya Gairo inabidi nipige hesabu kwanza, nizime AC, nikanyage mpaka chini, na bado basi la nyuma linanipigia honi utafikiri nimepaki. Sasa nimejikusanya nina milioni 20 na hiyo ndo yote, ya kununua pamoja na marekebisho, haiongezeki mpaka mwakani.

Matumizi ni Bunju Posta Jumatatu mpaka Ijumaa, foleni ya Mwenge na Morocco mnaijua wenyewe, halafu mwisho wa mwezi mara moja moja Dodoma kwa wazazi. Tuko wanne, mimi, wife na watoto wawili. Kutoka lami mpaka getini kwangu kuna kipande cha vumbi na mashimo, mvua ikinyesha ni tope tupu.

Nimebaki na tatu: Mark X ya mwanzo (GRX120) ya 2.5, Forester SG5 yenye turbo (ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi), na Golf GTI ya 2006 hivi niliyoiona yadi, nyekundu, imekaa kibabe sana. Roho iko kwa Golf nisiwafiche. Naomba waliowahi kuzimiliki wajibu, wa kusikia tusubirini kwanza.

Babu_Kifimbo

Milioni 20 chukua Noah upige wanafunzi asubuhi na jioni, mbio utazikuta mbele ya safari 😂

Cheni_Sio_Beliti

Mkuu mimi niko na GRX120 miaka kadhaa sasa, naenda nayo mjini kila siku kutokea Kibaha, kwa hiyo nakuambia ya kuishi nayo.

Injini ni 4GR-FSE, V6, kwenye karatasi farasi 215, haina turbo, ina cheni ya taimingi sio beliti, inasukuma tairi za nyuma kupitia giaboksi ya gia 6. Ukiwa nayo 80 nyuma ya semi ukakanyaga inashusha gia zenyewe, inanguruma kidogo, na semi unaliona kwenye kioo. Humo ndani watoto wamelala hawajui kilichotokea. Kwa safari yako ya Dodoma huo ndo utamu wenyewe, mbio zinazokuja bila kelele na bila kusubiri turbo iamke.

Sasa ubaya wake, maana wauzaji hawasemi. Hii injini inapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta kama injini za zamani, masizi yanajijenga taratibu, na gari ya foleni ndo inaumwa zaidi kwa sababu haipati nafasi ya kukimbia. Dalili ni kutetemeka ukiwa umesimama kwenye taa, halafu ukikanyaga inatulia. Hapo ndo watu wanapoliwa hela. Fundi anakuuzia plagi, anakuuzia koili, anakuuzia pampu ya mafuta, mtetemo uko pale pale mpaka apatikane mmoja wa kufungua manifoldi (bomba la kuingizia hewa) na kusafisha vali. Ukiona gari inatetemeka hivyo usiikimbie, ila hiyo kazi itoe kwenye bei.

Kingine, iko chini, kama sm 15 tu. Hiyo njia yako ya tope utaipita kwa adabu. Tafuta yenye rimu 16 na tairi nene, achana na hizo za rimu 19 tairi kama lastiki, shimo moja la Bunju unanunua rimu na boljointi siku hiyo hiyo.

Turbo_Nairobi

Niaje wadau, mimi niko Nairobi na huku Forester ya turbo iko kila kona kwa hivyo wacha niongee. Sheria yetu hairuhusu kuleta gari imepitisha miaka 8, so SG5 zenye ziko huku zote ziliingia kitambo na bado zinatembea, sio eti ni gari mbaya. Shida ni wenye walikuwa nazo mbele yako.

SG5 ya turbo ni injini ya kulala ya EJ205, 2.0, farasi 220, na giaboksi yake ya auto ni ya gia 4 pekee. Kwa barabara ya vumbi na tope hakuna kitu itaishinda kati ya hizo tatu, inavuta miguu yote nne na iko juu. Kwa mbio za kawaida, kupita lori kwa mlima, utacheka peke yako.

Lakini sikiza. Oili kila kilomita 5,000, usingoje 10,000 juu kuna mtu alikuambia oili yake ni ya kizungu. Kuna vichujio vidogo ndani ya bolti za paipu ya oili inaenda kwa turbo, vikiziba turbo inakufa kiu na makanika wengi hawajui kama viko hapo. Beliti ya taimingi ni kilomita 100,000, na hiyo injini beliti ikikatika vali zinagongana na pistoni, hakuna kuomba msamaha. Ukinunua bila risiti ya beliti, badilisha wiki hiyo hiyo pamoja na wota pampu na tenshona.

Halafu watu wanasema Subaru zote zinachoma gasket ya hedi. Hiyo sifa ilitoka sana sana kwa zile 2.5 hazina turbo. Ya turbo ukiona imechemsha, uliza kwanza nani aliongeza busti, yaani presha ya turbo.

Na angalia matako ya gari. Zingine zilikuja na shokapu za nyuma zenye zinajiinua zenyewe ukibeba mzigo. Zikiisha mtu anaweka za kawaida bila kubadilisha springi, gari inakalia mkia. Ukiona imelala nyuma na haina abiria, jua kuna kazi.

Mzee_wa_Wese

Hamjaongelea wese na ndo litamrudisha kwenye IST. Bunju Posta kwa foleni ile Mark X 2.5 usitegemee zaidi ya kilomita 7 au 8 kwa lita, ukitoka nje ya mji ukatulia kwenye 90 inapanda kwenye 11 na kitu. Forester ya turbo ukiwa na mguu mzito ni mbaya kuliko hapo, turbo ikishaamka inakunywa. Chukua wese la mwezi la IST, zidisha karibu mara mbili, halafu muulize wife.

Na hizi gari zote tatu Japani zilikuwa zinanyweshwa ile petroli ya juu ya oktani 100. Kwetu huipati kituoni. Mark X ya pili, GRX130 ya kuanzia 2009, 2.5 yake waliishusha mpaka farasi 203 ili inywe ya kawaida, ndo maana watu wanaona haina tofauti na ya kwanza au imepoa kidogo. Ukipata GRX130 kwa bajeti yako chukua, ila sidhani kama utapata safi.

Usidanganyike kuagiza pia. Forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini iliyozidi cc 1000 mpaka 2000 na 10% ikizidi hapo, alafu gari ikishafika miaka 8 kuna na ya uchakavu juu yake. Weka GRX120 kwenye kikokotoo cha TRA, wale wa kodi, uone inavyokuja, utafunga simu. Tafuta iliyoko mtaani tayari, namba D iliyotunzwa.

Spana_Gerezani

Nimekaa kimya namsoma mwenye mada, roho bado iko kwa Golf nyekundu hahaha. Mimi ni fundi, hizo gari nazifungua, acha nikwambie ya Golf.

Kwa kuendesha hakuna hapo inayoifikia. Golf 5 GTI ni 2.0 yenye turbo, farasi 200, inashika barabara mpaka unaanza kuongea peke yako. Lakini pampu yake ya mafuta ya presha kubwa inasukumwa na kamshafti, ile shafti ya kufungua vali, kupitia kikombe kidogo cha chuma, hakizidi ukubwa wa kizibo cha soda. Kile kikombe kinalika. Kikitoboka kinakula kamshafti na pampu, na hapo ushaingia kwenye mamilioni. Kukiangalia unafungua pampu tu, sio kazi ya siku nzima. Kwa hiyo mwambie huyo wa yadi: fundi wangu anakuja kufungua pampu tukiangalie. Akikataa umeshajua jibu, geuza.

Pili giaboksi ni DSG ya gia 6, klachi mbili zinaogelea kwenye oili, na hiyo oili inatakiwa kubadilishwa pamoja na filta kila kilomita 60,000. Muulize ilibadilishwa lini. Wengi watakwambia oili ya giaboksi haibadilishwi, ndo maana nazipokea zinashtuka kwenye gia ya kwanza kwenda ya pili na mwenye gari anasema ni tabia ya gari za Ulaya. Sio tabia.

Spea zipo, lakini Mark X nikivunja bush asubuhi, mchana dogo amesharudi nayo kutoka Shaurimoyo. Golf inaweza kuwa unasubiri wiki. Kama ungekuwa na gari ya pili nyumbani ningekwambia chukua na ufurahi. Una gari moja na watoto wa shule, hapana.

Mkazi_wa_Bunju

Dah, wazee mmenifungua macho. Golf naiweka pembeni kwa maumivu makubwa. Forester nimeipenda kwa ile njia yangu ya tope ila za mtaani nilizoziona zote zina egzosi ya kupiga kelele na vijana ndo wanauza, kila mmoja anasema haijawahi kuguswa.

Kuna Mark X mbili. Moja ni ya mama mmoja Tegeta, 2.5, namba D, rimu 16, anataka 13.5. Rangi imepauka juu ya bonneti na siti ya dereva imechanika pembeni. Nyingine iko kwa dalali, ni ile ya 3.0, nyeusi inang'aa, rimu 19, imeshushwa, anataka 16 anasema inaongeleka. Inavutia kusema ukweli, farasi 256. Mnanipeleka wapi?

Cheni_Sio_Beliti

Tegeta. Hata usiende kumwona dalali, ukiiona utaipenda.

Gari imeshushwa maana yake springi zimekatwa au zimebadilishwa, kuna mtu alikuwa anacheza nayo, na 3.0 utaila ukiwa wapi? Kimara mpaka Kibaha njia nane zile tochi za trafiki za kupima spidi zimejaa, vijijini kote ni 50. 2.5 inakutosha kupita semi na chenji inabaki kama milioni 6. Hiyo chenji usiiguse, ndo ya kusafisha vali, shokapu nne, tairi na oili zote mpaka ya giaboksi. Rangi ya bonneti haikuchelewesha kazini, iache mpaka mwakani.

Spana_Gerezani

Naunga mkono. Ila kabla hujatoa hela mpigie huyo mama usiku, mwambie kesho asiiwashe mpaka ufike. Ukifika weka mkono juu ya injini, ikiwa ya moto jua imepashwa, rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi, washa huku bonneti iko wazi na redio imezimwa, sikiliza zile sekunde mbili za kwanza mbele ya injini kwenye gia za kamshafti. Ikikwaruza kama debe la mawe halafu ikanyamaza, hizo gia za VVT-i zimeanza kuchoka, bei ishuke. Chukua tochi mulika wota pampu, ukiona ukoko wa pinki umekauka pembeni, kulanti inavuja. Halafu kaa nayo imewaka AC ikiwa inafanya kazi kama robo saa bila kutembea, uangalie kama inatetemeka na kama sindano ya joto inapanda.

Kadi ya gari isomwe jina, namba ya chesesi ilingane na ya kwenye bodi. Na madeni ya faini za barabarani uyatazame mtandaoni kabla, namba ya gari unayo. Ukikwama Jumamosi nicheki inbox, Tegeta sio mbali, mafuta ya pikipiki utanirudishia.