Ratiba imeandika "siku ya kutulia" Istanbul, tumeishia kuzungushwa maduka ya mazulia na ngozi. Hawa waandaaji wanatuonaje?

Wakuu salaam. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo limenikaa kooni tangu turudi, na nikinyamaza kuna wengine wataingia mkenge huo huo.

Tulienda Istanbul kwa kundi, safari ya kulipia kila kitu kwa mkupuo, tiketi, hoteli, basi, viingilio. Katikati ya ratiba kulikuwa na siku moja ambayo kusema kweli ndo ilinifanya nitoe hela yangu. SIKU YA KUTULIA, imeandikwa hivyo hivyo. Asubuhi kasri la Topkapi, mchana muda huru mtaa wa kale wa Sultanahmet, jioni boti kwenye mlango bahari wa Bosphorus. Nikasema hapo sasa, maana siku zilizotangulia tulikuwa tunaswagwa kama mbuzi, unashuka, unapiga picha, unapanda, unahesabiwa, twende.

Tunafika Topkapi, tumepita uwanja wa kwanza, lango la ndani LIMEFUNGWA. Jumanne! Topkapi inafungwa kila Jumanne, iko kwenye tovuti yao, iko kwenye kila kitabu cha watalii, ukiuliza hata mapokezi hotelini wanakwambia. Mtu anayejiita mwandaaji wa safari na kila msimu anapeleka makundi kule, hajui? Akajifanya kushangaa, kashika kichwa, "dah jamani, leo wamefunga". We bwana ulikuwa unajua. Dereva alikuwa hajaondoka hata, anatusubiri pale pale alipotushusha, na mbadala tayari ulishapangwa na mwenye duka alishajua tunakuja wangapi.

Kilichoniuma zaidi ni mzee mmoja kwenye kundi letu, anatembea kwa mkongojo. Yeye siku nzima aliyokuwa anaisubiri ni hiyo, kwa ajili ya kile chumba chenye joho la Mtume na masalia mengine. Kapanda ule mlima kwa shida anapumzika kila baada ya hatua chache, halafu anaambiwa turudi. Hakugomba. Kakaa kwenye ukingo wa mawe, akavua kofia akajifuta jasho, msimamizi kasimama juu yake anaangalia saa, "baba twende basi linatusubiri". Niliona aibu mimi badala yake.

Haya, mbadala wenyewe. "Elimu kidogo ya utamaduni." Mnaingizwa kwenye ukumbi, mnakalishwa kwenye mabenchi kuzunguka ukuta, chai ya tufaha inakuja kwenye vile vigilasi vyembamba kiunoni. Mama mmoja anafunga mafundo ya zulia mbele yenu dakika chache, mnapiga makofi, anaondoka. Hapo ndo wanaingia vijana na mazulia mabegani wanayarusha chini moja juu ya jingine mpaka sakafu haionekani. Sibishi, kazi ni nzuri, yale ya hariri ya mji wa Hereke ukilizungusha rangi inabadilika, upande huu giza upande ule linang'aa. Ila walipomaliza maelezo kila mgeni akapewa muuzaji wake! Wa kwangu alinifuata hadi mlango wa choo jamani, anauliza ukumbi wa nyumbani kwangu una ukubwa gani. Nikatoka nje kupata hewa, akatoka na yeye.

Kutoka hapo mkadhani basi? Wapi. Duka la ngozi, na kule wana maonesho kabisa, taa zinazimwa, muziki, vijana wanapita na majaketi, na sisi tumekaa tunatoka jasho kwenye joto la kiangazi tunauziwa majaketi ya baridi. Halafu vito. Hapo nilishaacha kusikiliza.

Msinambie eti guide naye anatafuta riziki. Kamisheni tunaijua wote, kundi likinunua yeye anapata chake na ndo maana bei ya kule ndani ina mdomo wake ndani yake. Sina shida na mtu kula kamisheni. Iandike kwenye ratiba, "Jumanne: maduka matatu", anayependa mazulia aende akachague kwa raha zake. Usiniuzie Topkapi.

Na wale mtakaosema ningejitenga nikaenda zangu: pasi zetu zote alikuwa nazo msimamizi, alizikusanya siku tunafika eti kwa usalama, na kwenye basi alishatangaza anayeachana na kundi asimlaumu mtu.

Muda huru ukaja kubaki mdogo mno. Hagia Sophia, ule msikiti wa kale uliokuwa kanisa, ukitaka kuingia kama mtalii tangu 2024 ni tiketi ya euro 25 na unaishia roshani ya juu, chini ni kwa wanaoswali. Tunaambiwa eti hiyo haimo kwenye "viingilio vyote". Vyote vipi sasa? Na Yerebatan, lile hifadhi la maji la chini ya ardhi la enzi za Justinian, mfalme wa Kirumi, nguzo 336, vichwa vya Medusa, liko hapo hapo jirani na Jumanne liko wazi, unaingia kwa miguu. Kama kweli Topkapi ilikuwa bahati mbaya kwanini hatukupelekwa hapo? Kwasababu nguzo hazitoi kamisheni.

Boti nayo ikafutwa, "tumechelewa", kesho yake inarudi kama nyongeza ya kulipia. Wakati pale gati la Eminönü feri za kawaida za wananchi zinavuka kwenda Üsküdar, upande wa Asia, mchana kutwa, unagonga kadi ya usafiri unapanda, unaona Bosphorus na ndege wa baharini juu.

Nimewaandikia, wamenijibu kwa mstari mmoja kwamba ratiba inaweza kubadilika kutokana na hali. Hali gani? Jumanne ni hali?

Wakuu mliowahi kudai, hicho kipengele kinawakinga kweli hata kama sehemu ilikuwa inajulikana imefungwa siku wanatuuzia? Kuna aliyerudishiwa? Ratiba iliyochapwa ninayo, picha ya lango na tarehe ninayo, na wenzangu kadhaa wako tayari kusaini. Mzee naye kasema tumuandike wa kwanza.