Kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) ninacho, sasa msimamizi mpya anataka nibadilishe utafiti mzima!

Wadau, mnivumilie, leo nimekasirika.

Nasomea uzamili wa ustawi wa jamii hapa Kisumu. Utafiti wangu ni kuhusu nyanya wanaolea wajukuu mtaa wa Nyalenda. Mbinu ni mahojiano ya ana kwa ana, basi. Pendekezo lilipita idarani, jopo likanihoji hadi jasho likanitoka, kamati ya maadili ikaidhinisha, kibali cha NACOSTI kikatoka. Nikaingia mtaani kazini. Halafu msimamizi wangu akaenda likizo, nikakabidhiwa mwingine.

Huyu mpya kafungua Sura ya Tatu, ile ya mbinu, na la kwanza kuuliza ni, "Fomula ya sampuli iko wapi?" Nikamweleza kwamba kwenye mahojiano ya kina hukimbizani na idadi, unaendelea hadi mambo yaanze kujirudia. Akacheka! Eti hajawahi kupitisha tasnifu isiyo na Yamane, ile fomula ya kukokotoa uhoji watu wangapi.

Haya, tufanye hiyo Yamane yake. Orodha niliyopewa na wahudumu wa afya ya jamii ina nyumba 40. Ukiweka kosa la asilimia 5, unagawa 40 kwa 1.1, unapata 36. Yaani fomula inaniambia niwaruke nyanya wanne kwenye mtaa ninaouzunguka kwa miguu! Na afadhali mimi. Mwenzangu darasani kaambiwa aweke 384, namba ya kundi lenye maelfu kwa maelfu ya watu, na yeye anachunguza kituo kimoja cha watoto.

Kilichonichoma hasa ni hiki. Kuna nyanya alinieleza anavyochukua omena (dagaa) ufuoni Dunga kwa mkopo, anauza, analipa deni, kisha kinachobaki anakigawa kati ya unga na pesa za mtihani. Pesa zisipotosha, mjukuu mkubwa anajitoa mwenyewe, anabaki nyumbani ili mdogo aende. Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, ukurasa mzima. Pembeni msimamizi kaandika kwa wino mwekundu: "Data iko wapi?"

Data ndiyo hiyo, Dok! Anachotaka yeye ni hojaji, "Naridhika na msaada wa jamaa zangu", 1 hadi 5, halafu tumwage kwenye SPSS, ile programu ya takwimu. Huyo nyanya nimweke kwenye 2 au 3?

Na sichukii takwimu. Anayetaka kujua ni watoto wangapi Nyanza wanalelewa na nyanya zao, ahesabu, tena ahesabu vizuri. Mimi nauliza wanaishije.

Nikibadilisha mbinu sasa, narudi tena kamati ya maadili, maana hojaji hawakuiona. Kibali ni cha mwaka mmoja na siku zinayoyoma. Muhula ukiongezeka karo inaongezeka, na hiyo halipi yeye. Halafu watu wanashangaa kwa nini Sura ya Nne (za matokeo) zilizopikwa zinauzwa kwa saiba! Mtu akishachoshwa hivi, si atanunua majedwali ahitimu zake?

Aliyewahi kuomba kubadilishiwa msimamizi: barua uliipeleka kwa mwenyekiti wa idara, au moja kwa moja bodi ya uzamili? Na ulijibiwa kwa maandishi? Msinijie na "vumilia tu, utamaliza". Barua nimeshaandika, nataka tu kujua pa kuipeleka.