7A chini, 4AGE juu: hedi gasketi unene gani?

Corolla_ya_Mzee: Wakuu habari za mchana. Najenga injini ya Corolla, bloki 7A-FE hedi ya 4AGE valvu 16 (zote injini za Toyota), boa (upana wa silinda) ni ile ile 81 mm ila stroku (mwendo wa pistoni) inatoka 77 mpaka 85.5 kwahiyo cc zinapanda toka 1587 hadi 1762. Sasa kompresheni (mchanganyiko unabanwa mara ngapi) kwenye hesabu imekuwa kubwa, fundi anasema kati ya bloki na hedi tupige gasketi ya 2 mm yaishe. Dukani kuna 0.8 na 1.2 pia. Gari ni ya kila siku, nishike ipi?

fundi_leth: Hiyo ya 2 mm achana nayo mkuu. Kwanza pistoni ikiwa juu kabisa pima imebaki chini ya uso wa bloki kiasi gani, tumia dayali geji (kipimo cha sindano) na upime usawa wa pini ya pistoni, ukipima ukingoni pistoni inacheza inakudanganya. Ikibaki 0.2 na gasketi 0.8 una mm 1 kati ya pistoni na hedi, hapo mchanganyiko unabanwa pembeni unarushwa kwenye plagi unawaka fasta. Ukiweka 2 mm huo mbano umekufa, kompresheni inashuka kwenye karatasi halafu injini inagonga (mchanganyiko unalipuka wenyewe) vilevile, wakati mwingine zaidi.

Stroku85: Naongezea. Tundu la gasketi likiwa 82 mm, kila 0.1 ya unene ni kama cc 0.53 tu. Yaani kompresheni ikiwa 10.5 na gasketi ya 1.2, ukishuka 0.8 unafika kama 10.9. Kompresheni ikizidi, toa nyama kwenye pistoni au chemba (shimo la hedi mchanganyiko unapowakia), na uhesabu unene wa gasketi ikishakazwa sio wa ikiwa mpya mkononi

Corolla_ya_Mzee: Nimepima, imebaki 0.15. Ila hedi ilishaskimiwa (kukwanguliwa uso) na mwenye nayo wa kwanza

fundi_leth: Basi cc za chemba za kitabuni sahau, geuza hedi, valvu zikiwa zimefungwa funika chemba na kioo chenye tundu, jaza mafuta kwa sirinji usome mwenyewe. Halafu weka plastisini juu ya pistoni, funga hedi na gasketi na taiming beliti, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, fungua ukate uone valvu zinapita mbali kiasi gani, mimi intake sikubali chini ya 2 mm, egzosti 2.5. Na kama gasketi ni ya chuma, bloki na hedi zipigwe uso laini kabisa, msasa wa mkono hapana.

Corolla_ya_Mzee: Poa kaka, naenda na 0.8, pistoni zinarudi leth (mashine ya kuchonga chuma) kesho