Katibu uliyekata "Dk." mbele ya jina langu, umenidhalilisha

Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika nikiwa bado nimevaa shati la kikao, kwa sababu nikilala na jambo hili moyoni sitaamka mzima. Yule katibu wa kamati za harusi, ambaye kila mmoja wenu amewahi kukaa mbele ya daftari lake, jioni hii amekuta mjomba ameniandika "Dk.", akaomba kalamu nyekundu, akalikata neno hilo mara mbili mbele ya watu arobaini, kisha akatamka, "Huyu bado anajifunza."

Mara mbili, wakuu! Mstari wa kwanza haukumtosha, na mkwaruzo wa kalamu ile ulisikika mpaka jikoni kwa akina mama.

Nilifaulu fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita, maana bila hayo matatu mlango haufunguki. Nikasoma shahada ya udaktari miaka 5. Ile ya mwanzo nilinuka formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, kiasi kwamba abiria wa daladala walinipisha, na iliyofuata niliimalizia wodini. Sasa nipo katika miezi 12 ya utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya shahada, nikiwa na usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na nikimaliza ndipo nitaomba usajili kamili na leseni. Usiku wa kuamkia leo nimezalisha akina mama wanne, na hakuna aliyeniita mwanafunzi. Halafu mtu aliyelala usingizi wake wote ananikata kwa wino mwekundu!

Mjumbe wa Kudumu: Pole sana, mkuu. Katibu huyo huyo alimwandika kaka yangu mhandisi "fundi", na mama hajamsamehe hadi leo.

Kiti cha Nyuma: Mleta mada, mtarajali hutibu chini ya uangalizi, kwa hiyo katibu yupo sahihi. Lipa ahadi yako, atakuandika hata profesa.

Mleta mada: Ahadi nililipa yote kabla ya kikao. Ninazungumzia mistari miwili, ndugu yangu, miwili!

Tabibu wa Zahanati: Wewe umekatwa kwenye daftari tu. Mimi nilisoma stashahada ya utabibu miaka 3, nikahudumia kijiji kizima miaka tisa, na nilipojiunga na shahada ya udaktari nilianzishwa mwaka wa kwanza, nikakaa benchi moja na vijana waliotoka kidato cha sita juzi, tukifundishwa kupima presha.

Mhitimu wa Ng'ambo: Afadhali wewe, tabibu. Mimi niliyesomea nje nilirudi na shahada mkononi, nikaambiwa kwanza itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, na wenzangu wa hapa wakaingia utarajali nikiwa bado ninapanga foleni na bahasha.

Dada wa Kidato: Samahani, tabibu, mdogo wangu ana stashahada kama yako yenye wastani wa 3.2. Je, atapokelewa?

Tabibu wa Zahanati: Aombe, dada yangu, ila matokeo yake ya kidato cha nne yakoje?